Fedha au Shaba? Namna ya Kupima na Kutunza Mapambo na Vyombo vya Kale

Katika maduka ya Mji Mkongwe, kuanzia Gizenga na Hurumzi hata vichochoro vya nyuma ya Darajani, huwekwa katika kabati moja vitu ambavyo kwa jicho la mnunuzi ni jamaa moja: mrashi wenye shingo ndefu, kekee pana ya mkononi, jozi ya mafurungu, ala ya jambia, kijiko cha sukari kutoka Ulaya na mkufu wenye vijaluba. Vyote ni vyeupe, vyote vimesuguliwa na umri, na aghalabu muuzaji huviita vyote kwa jina moja tu, fedha. Baadhi ni fedha kweli kweli. Baadhi ni aloi za shaba zilizofanana nayo kwa rangi. Na baadhi ni shaba iliyovikwa ngozi nyembamba ya fedha isiyofika unene wa karatasi. Anayenunua bila ya kupima hulipa bei ya fedha kwa kitu cha shaba, na anayeuza bila ya kupima huweza kuitoa fedha ya marehemu bibi yake kwa bei ya shaba, na hasara hii ya pili ndiyo chungu zaidi, kwa kuwa haina marejeo.

Mwongozo huu umekusudiwa kukupa wewe, msomaji usiye sonara, njia ya kuijua tofauti hiyo nyumbani kwako kwa mizani, bilauri ya maji na uzi, na kisha kukueleza namna ya kuzisafisha na kuzihifadhi madini hizi mbili, ambazo katika hewa ya chumvi ya Unguja kila moja huharibika kwa njia yake.

Asili ya fedha yetu, na sababu ya kuijua

Sehemu kubwa ya fedha ya zamani iliyoko pwani hii na Oman ilitoka katika sarafu. Reale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780, mwaka aliofariki, iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile muda mrefu baadaye, huko Vienna, London, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi hawakutaka nyingine. Uzito wake ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 833 ni fedha na zilizobaki takriban zote ni shaba. Mfua fedha aliyetaka kufua kekee aliziyeyusha reale kadhaa. Kwa hiyo pambo la kale la pwani, hata likiwa halali kabisa, halikuwa fedha tupu. Rupia ya Kihindi, iliyotembea Unguja sambamba na rupia ya Zanzibar hadi shilingi ilipochukua nafasi yake mwaka 1936, ilikuwa na fedha zaidi, sehemu 917 katika 1,000, na uzito wake wa gramu 11.66 ndio uzito wa tola moja, kipimo ambacho masonara wetu wanakijua vyema.

Mambo hayo nayataja kwa sababu yanaondoa dhana moja potofu, nayo ni kudhani kwamba kuwamo kwa shaba ndani ya fedha ni ghushi. La hasha. Fedha tupu ni laini mno. Kikuku chake hupindika kwa mkono na nakshi zake hufutika upesi, na shaba kidogo ndiyo inayoipa ukakamavu. Fedha ya 925, inayouzwa leo dunia nzima, ina sehemu 75 za shaba katika 1,000. Ghushi huanza pale ambapo shaba ndiyo nyingi na fedha ndiyo kidogo, au haimo kabisa, na mnunuzi hakuambiwa. Hata serikali zimewahi kupunguza: shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyopigwa tangu mwaka 1921, ilikuwa na fedha robo tu ya uzito wake, na zile zilizopigwa kuanzia mwaka 1948 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Ukiletewa pambo lililofanywa kwa shilingi hizo, usilinunue kwa bei ya reale.

Aloi za shaba utakazokutana nazo

Ya kwanza ni shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Hii ndiyo ya mabirika ya kahawa, masinia, vinu vidogo vya iliki, na njumu zilizopigiliwa katika milango mikubwa ya Mji Mkongwe. Rangi yake huitambulisha, ila ikiwa imepakwa.

Ya pili ndiyo ya kuogopwa: aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambayo Wazungu waliiita fedha ya Kijerumani ilhali haina fedha ndani yake. Kwa kawaida shaba ni kiasi cha sehemu 60 katika 100, na nikeli na zinki hugawana zilizobaki. Nikeli huifuta shaba wekundu wake wote, na kitu hutoka cheupe nje na ndani, hata ukikikwaruza kwa tupa hutaona ila weupe. Baada ya ufundi wa kupaka fedha kwa umeme kusajiliwa Uingereza mwaka 1840 na nyumba ya Elkington ya Birmingham, aloi hii ikawa ndiyo mwili wa vijiko, sinia na mabuli ya chai yasiyo na idadi. Mengi yamepigwa herufi EPNS, ambazo wanunuzi wengi huzidhania kuwa ni muhuri wa fedha, kumbe ni ilani ya kwamba si fedha ila juu juu.

Kwa nini jicho halitoshi

Rangi ni sifa ya uso, na uso hupakwa. Uzito kwa ujazo, upitishaji wa joto na ulaini ni sifa za mwili wote, na hizo hazipakiki. Mikroni chache za fedha juu ya shaba hubadili rangi yote na zisibadili uzito kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo kipimo cha kutegemewa ni kile kinachoingia ndani.

> SIFA ZA KUKUMBUKA
> Gramu katika kila sentimita moja ya ujazo:
> – fedha tupu: 10.5
> – fedha ya 925: karibu 10.4
> – fedha ya reale: karibu 10.2
> – shaba nyekundu: karibu 8.9
> – shaba yenye nikeli na zinki: 8.6 hadi 8.8
> – shaba ya njano: 8.4 hadi 8.7
> – risasi: 11.3
>
> Joto: fedha hulipitisha joto kuliko madini nyingine yoyote, huishinda shaba ya njano kwa zaidi ya mara tatu, na ile yenye nikeli kwa zaidi ya mara kumi.
>
> Kuyeyuka: fedha tupu kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, shaba nyekundu kwenye 1,085.

Tazama pengo lililopo baina ya 10.2 na 8.9. Hapo hapana aloi ya kawaida ya shaba inayopanda wala fedha nzuri ya kale inayoshuka. Pengo hilo ndilo litakalokuongoza.

Kipimo cha maji

Utahitaji mizani ya dijitali ya kupimia vito, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, bilauri, maji safi yasiyo na chumvi, na uzi mwembamba. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haifai hapa.

1. Osha kitu kwa maji na sabuni kidogo, kisha kikaushe vyema. Mafuta na vumbi la udi lililoganda katika nakshi hubeba hewa, na hewa huharibu hesabu.
2. Kipime kikiwa kikavu. Andika uzito huo.
3. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sufuri.
4. Funga kitu kwa uzi, ukishushe majini hadi kizame chote, huku umeushika uzi kwa mkono. Kisiguse kitako wala ubavu wa bilauri. Kikigusa, mizani itabeba uzito wake na kipimo kitakuwa batili.
5. Kitikise taratibu ili mapovu yatoke. Subiri namba itulie, uisome.
6. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba ya pili.

Namba ya pili ni uzito wa maji yaliyosukumwa na kitu, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni takriban sentimita moja ya ujazo, umeujua ujazo wa kitu hicho bila ya kukiharibu.

Chukua mfano wa kekee yenye gramu 58.3. Ikiwa majini mizani imesoma 5.7, gawanya na utapata 10.2, hiyo ni fedha ya daraja ya reale, na aliyekuambia kuwa ni ya kale huenda amesema kweli. Ikiwa imesoma 6.7, jawabu ni 8.7, hiyo ni shaba, hata kama inang'aa kuliko ya kwanza, na hata kama imechongwa maua mazuri zaidi. Tofauti yote ni gramu moja ya maji, nayo yatosha.

Njia bora ya kuizoea kazi hii ni kuanza na kitu unachokijua. Reale halisi ya gramu 28.07 yapaswa kusukuma gramu 2.75 za maji, au karibu na hapo; rupia ya fedha ya gramu 11.66 husukuma 1.13. Ukizipata namba hizo, mkono wako umekuwa mwaminifu.

Makosa yanayotokea sana

Kosa kubwa ni kupima kitu chenye uwazi uliozibwa. Mafurungu mengi ni matupu ndani, na hewa iliyofungiwa humo huyafanya yaonekane mepesi kuliko shaba, ilhali yaweza kuwa fedha safi. Usimhukumu muuzaji kwa kipimo hicho. Jambia nalo halipimiki kwa maji, kwa kuwa kipini chake ni pembe au mti na ala yake ina ngozi na ubao. Wala mkufu wenye marijani au shanga haupimiki ila ukivuliwa vito vyake. Vyombo vya kusimama huweza kutiwa risasi au lami katika kitako ili visianguke, na risasi, iliyo nzito kuliko fedha, huweza kuficha wepesi wa shaba.

Kwa kitu kidogo kama kipini cha pua au hereni, usiiamini hesabu hii hata kidogo. Kosa dogo kabisa la mkono au mizani huvuka lile pengo lote.

Dalili za kusaidia, na kiasi cha kuziamini

*Kingo.* Geuza kitu utazame mahali palipoguswa zaidi: ukingo wa sinia, mgongo wa kijiko, bega la mrashi pale vidole viliposhikia miaka mingi, mwisho wa kikuku unaosugua kifundo. Kama ni cha kupakwa, hapo fedha imeliwa na mwili umetokeza. Wekundu ni shaba tupu, unjano ni shaba na zinki, na weupe uliofifia wenye kivuli cha manjano au kijivu ni ile ya nikeli. Hii ni dalili njema, na ndiyo ninayoipendelea dukani ambapo hutaruhusiwa kuleta bilauri.

*Joto.* Tia kijiko unachokishuku pamoja na kijiko cha fedha unayoijua, chenye unene sawa, katika kikombe kimoja cha maji ya moto. Mpini wa fedha utapata moto upesi mno, na ule wa shaba yenye nikeli utachelewa. Kipande cha barafu juu ya sahani ya fedha nacho huyeyuka kwa haraka ya kushangaza. Lakini pasipo kitu cha kulinganisha, vidole hudanganyika.

*Sumaku.* Kitu kikivutwa na sumaku, kina chuma. Kisipovutwa hujajua lolote, kwa sababu fedha haivutwi, shaba ya njano haivutwi, na ile yenye nikeli kwa kawaida haivutwi vilevile. Wauzaji wengi huonyesha sumaku kama ushahidi wa kukata shauri, usishawishike.

*Muhuri.* Namba 925, 800 au 833 ni jambo jema kuliona, walakini namba hupigwa na yeyote mwenye nyundo, na kwa upande wa pili mapambo mengi ya kale ya pwani na Oman hayana muhuri wowote. Kukosekana kwake si aibu.

> HADHARI
> Usifanye kipimo cha asidi ya nitriki nyumbani. Huunguza ngozi na macho, na ikikutana na shaba au fedha hutoa moshi wa kahawia wenye sumu. Kazi hiyo mwachie sonara, naye aifanye kwenye jiwe la kusugulia kwa alama ndogo, si kwa kudondosha asidi juu ya nakshi.

Ukimwendea sonara, nenda kwa adabu na kwa maneno yaliyo wazi. Msalimu, kisha umwambie: "Fundi, naomba unipimie hiki mbele yangu, kwa jiwe, uniambie ni fedha ya daraja gani. Sikiuzi leo." Sentensi ile ya mwisho ina faida kubwa, kwani mtu asiyetarajia kununua hana sababu ya kupunguza. Mlipe ujira wake. Na kama una hesabu yako ya maji mfukoni, usiitoe mpaka amekwisha kusema yake.

Kusafisha: kila moja na dawa yake

Fedha haipati kutu ya kijani ikiwa safi. Huwa nyeusi, na weusi huo ni salfa iliyoungana nayo, inayotoka katika moshi, maji machafu, mayai, mpira na mwani unaooza ufukweni. Shaba hufifia, kisha huota kijani, na hapo chumvi ya bahari ndiyo mchochezi mkubwa. Kwa kuwa maradhi ni mawili, dawa haiwezi kuwa moja.

Kwa fedha iliyoingia weusi:

1. Tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli la plastiki au la udongo, ile ya kufungia samaki wa kuoka.
2. Weka pambo juu yake, liguse karatasi.
3. Nyunyiza vijiko viwili vya magadi ya kupikia, kisha mimina maji ya moto hadi lifunikwe.
4. Subiri dakika chache. Harufu ya yai viza si ubaya. Ni salfa inayoiacha fedha na kuhamia kwenye alumini, na fedha iliyokuwa imefungwa katika weusi ule hubaki palepale kwenye pambo. Ndiyo fadhila ya njia hii juu ya kusugua, maana kila msuguo wa majivu au mchanga huondoka na fedha kidogo.
5. Suuza kwa maji matamu, ukaushe kwa kitambaa cha pamba.

Usitumie njia hii kwa pambo lenye marijani, kaharabu au vito vya kugundishwa, wala kwa pambo ambalo fundi aliacha weusi kwa makusudi ndani ya nakshi ili maua yatokeze. Ukiuondoa weusi huo, umeiondoa nusu ya kazi yake.

Kwa sinia na mabirika ya shaba ya njano, desturi ya mama zetu ya ukwaju au ndimu ni sahihi, kwa sababu asidi yake hula ule utando wa juu na kuifikia shaba safi. Paka, subiri dakika mbili tatu, suuza kwa maji mengi, kausha mara moja. Anayeiacha ndimu usiku kucha huamka na mabaka mekundu, kwani asidi imeila zinki na kuiacha shaba peke yake, na mabaka hayo hayatoki kwa kuoshwa. Njumu za mlango usizitie ndimu wala chumvi kamwe. Maji yake hushuka katika nakshi za mti, na chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kuzaa kijani kipya. Kitambaa laini na mafuta kidogo vyatosha.

> KABLA YA KUHIFADHI
> ☐ Kimekauka kabisa, hata ndani ya bawaba
> ☐ Kimefungwa kwa pamba safi, si sufu, si mpira
> ☐ Fedha na shaba hazigusani
> ☐ Kimo ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vipande vya chaki vya kunywa unyevu
> ☐ Kimepigwa picha, na uzito wake umeandikwa

Ipi kwa kazi ipi

Nisingependa uondoke ukiidharau shaba. Kwa njumu, bawaba, sinia na kinu, shaba ya njano ni bora kuliko fedha, kwa kuwa ni ngumu zaidi, huvumilia kupigwa, na haigharimu ila sehemu ndogo ya bei. Kwa hereni na vipini, fedha ina ubora usiobishaniwa, kwani nikeli huwawasha watu wengi ngozi, na tundu la sikio lililotoneshwa nayo huchelewa kupona. Ama kwa chakula, chombo cha shaba kisichopakwa bati ndani usikitilie achari, tui lenye ndimu wala chochote kikali kikalala humo. Asidi huiyeyusha shaba ndani ya chakula, na mlaji hutapika.

Na ikiwa umepima kitu na kipimo kimekuonyesha fedha, nakusihi usikubali iyeyushwe kwa sababu tu bei ya tola imepanda wiki hiyo. Mwonyeshe kwanza mtu anayezijua kazi za kale, na kama unataka kukivusha nje ya Unguja, iulize idara ya makumbusho na mambo ya kale. Na ikiwa kipimo kimekuonyesha shaba, usikitie katika gunia la vyuma chakavu kabla ya kuitazama nakshi yake. Yako mabirika ya shaba mjini humu ambayo mnunuzi mwenye maarifa hulipia zaidi ya kikuku cha fedha cha uzito ule ule.